Bibi Yangu Hakupika Sabuni

Mwaka juzi alinijia kijana mmoja mwenye duka la bidhaa za watalii hapa Mji Mkongwe, akanikabidhi karatasi ndogo niifasiri. Kazi ya kufasiri niliianza bila ya kupelekwa chuo chochote, kwa kusoma na kukosea na kusoma tena, na baada ya miaka thelathini nilidhani hakuna tena karatasi ya mistari mitatu iwezayo kunikalisha kitako. Nikamwambia apite baada ya sala ya magharibi. Karatasi yenyewe ilikuwa ya kubandikwa juu ya sabuni za mkono, zile zinazofungwa kwa ukili na kuuziwa wageni, zenye harufu ya karafuu na mchaichai. Iliandikwa kwa Kiingereza, naye alitaka Kiswahili chake kiwe chini yake, ili mgeni aone kuwa kitu hiki ni cha hapa. Mstari wa kwanza ulisema kwamba sabuni hii hupikwa kwa siri ya kale, ambayo mabibi wa Kizanzibari wamekuwa wakirithishana tangu karne na karne.

Magharibi ikaadhiniwa, ikaja isha, na mstari ule wa kwanza ungali umenikaa kooni. Maneno yake yalikuwa mepesi. Mtoto wa skuli angeyafasiri. Kilichonizuia ni jambo moja tu: bibi yangu hakupika sabuni.

Nataka nieleweke vyema. Si kama nyumba ya bibi haikujua usafi, wala si kama haikujua harufu nzuri. Masufuria yalisuguliwa kwa kumbi la nazi na majivu ya jikoni mpaka yakang'ara. Mwili ulisuguliwa kwa dodoki. Nywele zilioshwa kwa majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ambayo ukiyafikicha majini hutoa povu lake jembamba. Na majani hayo hayo ndiyo aliyooshewa siku alipofariki, kisha ikafuata kafuri. Ama kwa upande wa manukato, hapo bibi alikuwa bingwa. Jioni asumini zilitungwa uzi. Vikuba vya mrehani, kilua na mkadi viliwekwa kifuani na baina ya nguo za sandukuni. Liwa ilisagwa juu ya jiwe kwa matone ya maji, singo ikachanganywa kwa ajili ya bibi harusi, na udi ukafukizwa chini ya kanzu mpaka nguo ikashika moshi. Wageni wakiingia walinyunyiziwa marashi kwa mrashi. Binti wa Sultani, Salme, ambaye dunia inamjua kwa jina la Emily Ruete, alipochapisha kumbukumbu zake huko Berlin mwaka 1886, hakuweza kueleza nyumba aliyozaliwa bila ya kueleza harufu zake. Kila aliyekulia katika visiwa hivi anajua sababu.

Lakini sabuni ilinunuliwa. Bibi alinunua mche mzima, akaukata vipande kwa uzi wa katani, akavipanga juu ya kabati vikauke, kwani sabuni iliyokauka vyema haiishi upesi. Huo ndio uliokuwa ujuzi wake wa sabuni: kuikata, kuikausha, na kuibania.

Basi siri hii ya karne na karne imetoka wapi? Niliona kwamba kabla sijafasiri mstari ule yanipasa niijue historia ya kitu chenyewe, na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, nilianzia kwenye neno.

Kiswahili kina maneno yake yenyewe, ya Kibantu, kwa mafuta, kwa majivu, kwa maji, kwa chumvi, kwa povu, kwa kuoga na kufua. Vyote vinavyohitajika katika kupika sabuni lugha yetu ilikuwa navyo, isipokuwa sabuni. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, wao wakisema *sābūn*, na kabla ya Waarabu lilikuwa kwa Wayunani na Warumi. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 kwa moto wa mlima Vesuvius, analitaja *sapo* kuwa ni uvumbuzi wa watu wa Gaul, yaani nchi iliyo leo Ufaransa, uliotengenezwa kwa shahamu na majivu. Na ajabu ni kuwa anasema ulitumika kuzipa nywele rangi nyekundu. Neno hilo moja likasafiri na bidhaa yake hadi Uajemi, Bara Hindi na Malaya, na kwetu likafika kwa njia ya bahari. Neno la kukopa peke yake halithibitishi kwamba kitu hakikuwapo, kwani hata neno dunia tumelikopa na dunia ilikuwapo. Lakini neno likija pamoja na bidhaa ndani ya jahazi moja, mwenye akili hulitazama mara mbili.

Sabuni kwa asili yake ni jambo la ajabu. Mafuta hayapatani na maji. Hilo kila mpishi analijua. Lakini ukiyakutanisha mafuta na magadi makali, vitu hivyo viwili hupigana, na katika vita vyao vyote viwili huangamia. Kinachobaki si mafuta tena wala si magadi, bali ni sabuni na glisirini, na sabuni hiyo ina mkono mmoja ulioshika mafuta na mkono mwengine ulioshika maji. Ndiyo maana huondoa uchafu. Jambo hili watu walilifanya kwa maelfu ya miaka bila ya kujua kwa nini linafanyika. Aliyelieleza sawasawa ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu chake juu ya mafuta cha mwaka 1823. Naye, kana kwamba alijihifadhi kwa elimu yake, aliishi miaka 102.

Tatizo la zamani halikuwa mafuta, bali magadi. Majivu ya kuni za kawaida yakichujwa hutoa maji makali, lakini sabuni yake huwa laini kama uji, haikatiki vipande. Sabuni ngumu huhitaji majivu ya mimea iliyokulia penye chumvi. Watu wa Sham walikuwa na mimea hiyo jangwani, wakiyaita majivu yake *al-qali*, na kutokana na neno hilo ndipo wanasayansi wakapata alkali yao. Kwa majivu hayo na mafuta ya zeituni, miji ya Aleppo na Nablus ikapata sifa yake. Sabuni ya Aleppo hutiwa pia mafuta ya mti wa ghar, hupikwa kwa siku kadhaa ndani ya masufuria makubwa, humwagwa sakafuni, hukatwa, hupigwa mihuri, kisha hupangwa kama minara na kuachwa ikauke kwa miezi. Huo ndio urithi wa karne na karne, na hakuna wa kuupinga; mwezi Disemba mwaka 2024 UNESCO iliziandika sanaa zote mbili, ya Aleppo na ya Nablus, katika orodha zake za turathi za binadamu.

Huko Uskochi, katika visiwa vya Orkney na Hebrides, karne ya 18 wakaazi wa pwani walikuwa wakichoma mwani juu ya mawe ili wapate magadi hayo kwa ajili ya kioo na sabuni. Msomaji na auweke mwani huo akilini, kwani tutakutana na mwani mwengine mbele. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc akapata hati ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na baada ya hapo hakukuwa na haja ya kuchoma majani ya jangwani wala ya baharini. Magadi yakawa rahisi. Hapo ndipo hadithi inapoingia bandarini kwetu.

Mji wa Marseille ulikuwa mji wa sabuni. Mwaka 1688, zama za mfalme Louis XIV, ilitolewa amri kwamba sabuni ya huko isipikwe kwa mafuta mengine ila ya zeituni. Lakini katika karne ya 19 magadi yalipojaa, zeituni hazikutosheleza, nao wakaanza kutafuta mafuta kila pwani ya dunia. Mwaka 1844 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Wafaransa, na merikebu za Marseille zikazoea kutia nanga Unguja. Vitabu vya historia hupenda kutueleza pembe na karafuu. Marseille ilitaka ufuta na nazi, kwa ajili ya vinu vyake vya mafuta na masufuria yake ya sabuni. Kwa hiyo sisi tuliokuwa tukikamua ufuta kwa vinu vya kuzungushwa na ngamia, na kuchemsha tui mpaka mafuta yakaelea, tukawa wauzaji wa kile ambacho wengine walikigeuza. Mbata iliondoka kwa magunia, na sabuni ya Ulaya ikaja kwa makasha. Waingereza nao hawakulala. Lever alitoa sabuni yake ya Sunlight mwaka 1884, akajenga mji wake wa Port Sunlight kuanzia mwaka 1888, na mwaka 1911 akapewa ardhi kubwa Kongo kwa ajili ya mawese, ambako wenyeji walishurutishwa kupanda minazi ya mawese na kuteremsha mashada ili weupe wa shuka za watu wengine uzidi.

Na katika karne ya 20, hapa mjini kwetu palikuwapo vinu vya mafuta ya nazi na viwanda vidogo vya sabuni ya mche. Mche ule aliokuwa akiukata bibi kwa uzi wa katani huenda haukutoka mbali. Lakini ulitoka kiwandani, na siri yake ilikaa kwa mwenye kiwanda. Jikoni mwa bibi haikuingia.

Iliingia jikoni mwa mama, na haikuingia kwa urithi, bali kwa dhiki.

Mwaka 1981 nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Waliokuwa wakubwa zama zile hawahitaji kukumbushwa, lakini vijana wa leo wanahitaji. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, bei ya mafuta ya kuendeshea vyombo ilikuwa imepanda duniani, fedha za kigeni zimeadimika, na madukani rafu zilikuwa tupu. Sabuni ilikuwa ni habari. Mtu akisikia kuwa imeshuka mahali, mtaa mzima ulihamia huko, na foleni ikapangwa kwa mawe, kila jiwe likiwa badala ya mtu. Tulifulia majani ya mpapai, ambayo hutoa povu kidogo na kuipa nguo nyeupe rangi ya kijani isiyotoka. Mama alikuwa na kanga mbili za kutokea, naye hakuziosha kwa mpapai hata siku moja. Alizikunja akaziweka, akangoja sabuni.

Ndipo akatokea jirani mmoja aliyejua, kwa kuona au kwa kusikia, kwamba mafuta ya nazi na kostiki soda hufanya sabuni. Nazi tulikuwa nazo. Kostiki ilipatikana kidogo kidogo kwenye makopo. Wanawake watano wa mtaani wakaweka pipa uani. Mizani haikuwapo, walipima kwa kata na kifuu. Sabuni ya mwanzo ilitoka ngumu, nyeupe, yenye kupendeza macho, na ikawala mikono. Kostiki ilizidi. Nakumbuka ngozi ya viganja vya mama ilivyobambuka, naye akivipaka mafuta ya nazi yale yale usiku, na kesho yake akirudi uani kupima upya. Mara ya tatu au ya nne wakapata. Siku hiyo kanga mbili zilitoka sandukuni, zikafuliwa, zikaanikwa, na mama alikaa barazani akizitazama zikikauka.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, kiasi cha mwaka 1984 na 1985, sabuni za kila rangi zilijaa madukani, na pipa la uani likatupwa. Hakuna aliyeandika vipimo vyao. Wala mimi sikuvitia katika beti, ingawa baadaye niliandika mashairi mengi juu ya mwezi.

Hadithi ya pili ni ya baharini, na hiyo ndiyo iliyozaa sabuni ya kijana wa duka. Kutoka miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akishughulika na utafiti wa mwani wa pwani zetu. Mwaka 1989 kilimo cha mwani wa biashara kikaanza Unguja, upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Waliokishika zaidi ni wanawake. Kwa kambaa na vijiti, katika maji ya kupwa, wakajipatia fedha zao wenyewe, wakasomesha watoto, wakaezeka mabati. Kisha maji ya bahari yakazidi joto. Ile aina ya mwani mnene, yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii, ikawa inaugua, inapauka na kukatika. Wakabaki na spinosamu, ambayo inavumilia zaidi lakini bei yake ni duni mno. Mwanamke angeshinda majini siku nzima, akakausha gunia, na malipo yake yasimtoshe.

Suluhu ilikuwa ni kuacha kuuza mwani kama tulivyouza mbata. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwakusanya wakulima, watafiti na wafanya biashara wa mwani wa Zanzibar, akiwemo mbele mtafiti Dk. Flower Msuya, na miongoni mwa mambo waliyofunzana ni kuusaga mwani na kuutia katika sabuni. Wanawake wa Kidoti, kaskazini ya Unguja, walikuwa katika wa mwanzo. Wengine wakafuata, kila kijiji na mkono wake. Mafuta ni ya nazi. Harufu ni ya makonyo ya karafuu, ya mchaichai, ya mdalasini, ya langilangi, na hapa pia tunacho cha kujivunia, kwani kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hukamua mafuta kutokana na vile vikonyo ambavyo mchumaji huvitenga na karafuu.

Nilipofika hapo niliona kusoma hakutoshi. Nikapanda daladala mpaka kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, wanakotoka wauzaji wa kijana yule, nikamwomba mama mmoja wa kikundi, aliyenizidi miaka michache, anifundishe.

“Kaka yangu,” akaniambia, “karibu. Lakini magadi hayana mzaha. Vua saa, funga mikono ya kanzu.”

Somo lake lilikuwa fupi. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 za kostiki zikaisha zote. Yeye hutia 150 tu, ili mafuta kiasi yabaki ya kulainisha ngozi, kwani sabuni ya nazi tupu hukausha. Kostiki hutiwa ndani ya maji polepole. Maji hayatiwi ndani ya kostiki kabisa, kwa kuwa huruka usoni. Maji yale hujichemsha yenyewe bila ya moto na kutoa mvuke wa kukaba, kwa hiyo kazi hufanywa uani, penye upepo, watoto wakiwa mbali, kwa mipira ya mikono na miwani. Kisha huachwa yapoe, humiminwa katika mafuta, na hukorogwa mpaka yawe kama uji ambao ukiunyanyua mwiko tone linaacha alama juu yake. Hapo ndipo mwani na harufu hutiwa. Humwagwa katika kisanduku cha mbao, hukatwa siku ile ile kabla ya kuwa jiwe, na vipande huachwa rafuni wiki nne hadi sita. Alipanga vipande vyake kwa nafasi, kama bibi alivyovipanga juu ya kabati. Akaniambia pia jambo ambalo wana wa bahari tungelipaswa kulijua zamani: sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliipenda.

Nikarudi nyumbani nimejaa elimu. Nikachukua sufuria ya mke wangu, kubwa, nzuri, ya bati jeupe la alumini, nikatia kostiki. Sufuria ikachemka kama inayopagawa, ikawa nyeusi, ikatoa mvuke uliotutoa sote nje. Kostiki hula alumini. Yeye alitumia ndoo nene ya plastiki, na mimi niliitazama ndoo ile bila ya kuiona. Mara ya pili nikatumia ndoo. Kila kitu kikaenda sawa mpaka nilipotia mafuta ya karafuu, na kwa kupenda karafuu nikayatia kwa ukarimu. Kabla sijahesabu ishirini, uji ule uligandia mwiko, ukawa mwamba, na mwiko umesimama katikati kama mlingoti. Mara ya tatu, kwa kumkumbuka bibi, nilitia mafuta niliyoyalaza asumini siku saba. Siku ya kuikata, sabuni ilinukia kidogo. Baada ya wiki mbili ilinukia sabuni.

Nilirudi kwa mwalimu wangu nikamsimulia, naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Karafuu, akasema, hupigana na kostiki kabla ya mafuta kupata zamu. Hutiwa matone, tena mwisho kabisa, na mkono uwe tayari kumwaga. Asumini ni ya shingoni, haivumilii magadi. Mchaichai huvumilia. “Tuliharibu madebe, kaka, si kidogo,” akasema. “Tulifunzwa siku chache, tukaharibu miezi. Kila mmoja hapa ana alama yake.” Akaikunja mikono ya baibui akanionesha ya kwake, mstari mweupe juu ya kifundo cha mkono.

Ndipo nikaitoa ile karatasi mfukoni nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno: siri ya kale, mabibi wa Kizanzibari, karne na karne. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Bibi yangu mimi alifulia majivu,” akasema. Kisha akauliza: “Na sisi tuko wapi humo?”

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Tumezoea kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na ni kweli. Lakini ipo njia ya kuisifu asili ambayo inawafuta watu walio hai. Karatasi ile inampa sifa bibi ambaye hakupika, na kumnyang'anya sifa mwanamke aliyepika, akaungua, akapima upya. Inamfanya aonekane anarudia tu jambo lililokuwapo, ilhali amelipata yeye mwenyewe akiwa mtu mzima, kwa jasho, katika zama tunazoziona. Inamfuta pia mama yangu na wenziwe watano na pipa lao. Na inafuta kisa cha mbata, cha miaka mingi ambayo tuliuza mafuta na kununua povu, kisa ambacho tukikisahau tutakirudia.

Tena, tukiitazama sabuni ile kwa haki, hakuna ndani yake kitu kisichokuwa mgeni wakati fulani. Mkarafuu uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, asili yake visiwa vya Maluku. Langilangi ni ya mashariki ya mbali. Mbegu ya mwani imetoka Ufilipino, magadi yanatoka kiwandani, neno lenyewe limepitia Sham. Kilicho chetu tangu hapo ni mafuta ya nazi na pua: ule ujuzi wa kujua harufu ipi ikae na ipi, ipi ya harusi na ipi ya msiba, ambao kweli mabibi walirithishana. Huo hauhitaji kuongezewa uongo. Pwani hii haikupata kuwa pwani kwa kutopokea, bali kwa kupokea na kukimiliki kile ilichokipokea.

Nilimwandikia kijana mistari mitatu mengine. Ilisema kwamba sabuni hii imepikwa na wanawake wakulima wa mwani wa kijiji fulani; kwamba walijifunza kuipika wao wenyewe, watu wazima, bahari ilipobadilika; na kwamba mafuta yake ni ya nazi na harufu yake ni ya mchaichai na makonyo ya karafuu. Akaisoma mara mbili kwa adabu, akanirudishia.

“Nzuri, ami,” akasema. “Lakini mgeni hanunui miaka kumi na tano. Mgeni hununua karne.”

Sikugombana naye; ana kodi ya duka na watoto. Fedha ya kufasiri sikuichukua, naye akapata mfasiri mwengine kabla ya wiki kwisha. Mistari yangu niliipeleka kijijini. Wale kina mama waliijadili mchana mzima, wakafuta neno moja nililolitia kwa kupenda mapambo, na wakataka iongezwe mwaka walioanza. Sasa huiandika kwa mkono, kwa zamu, kwenye karatasi za madaftari ya watoto, na kuifunga pamoja na kila kipande wanachokiuza wenyewe barazani kwao. Kizuri chajiuza, wanasema haijarudi hata moja.

Na mimi bado ni mwanafunzi. Mche wangu wa nne uko juu ya kabati, umekatwa kwa uzi wa katani, wiki ya tatu sasa, na unanukia mchaichai.